SOMO LETU: Mashine ya Kuchomelea Vyuma, Itulishe Isitulemaze



Kuna kikundi kimoja tulichokitembelea ambacho kiliweka akiba miezi mingi, kikauza kuku na mayai, kikafanya harambee ndogo, hatimaye kikanunua mashine ya kuchomelea vyuma. Nia yao ilikuwa njema: kutengeneza milango, madirisha, mikokoteni na vyombo vya kulishia mifugo, badala ya kupeleka pesa mjini kila mara. Siku ile mashine ilipofika watu walishangilia. Wiki ya pili, kijana waliyemchagua kuwa fundi aliamka saa nane usiku akilia. "Nyanya, macho yangu yamejaa mchanga!" Nyanya yake alimwosha kwa maji, akamwekea majani ya chai, lakini wapi. Asubuhi watu wakaanza kunong'ona, eti mashine ina mkosi.

Mashine haikuwa na mkosi wowote. Kijana alikuwa amechomelea mchana kutwa akiwa amevaa miwani ya jua tu. Hakuna aliyemfundisha, kwa sababu kikundi kilitia pesa zote kwenye mashine, hakikubakiza hata za kununua kofia ya kioo.

Basi tusidanganyane. Chombo hiki kinaweza kulisha familia nyingi, tena kinaweza kumpofusha mtu, kumchoma, au kumuua. Tofauti ni ujuzi. Tunawaomba msome somo hili mkiwa pamoja, ikiwezekana mashine ikiwa mbele yenu, ila plagi iwe imechomolewa.

1. Mashine hii inafanya kazi gani?

Zamani fundi alikuwa na mashine nzito ya kutumia rodi peke yake. Siku hizi kuna mashine nyepesi zinazofanya kazi tatu kwa sanduku moja. Kwenye uso wa mashine mtaona herufi hizi:

MMA ni kuchomelea kwa rodi, ile njia mafundi wetu wengi wa jua kali wanayoijua. Inafaa nje, penye upepo, na kwa vyuma vizito.

MIG ni kuchomelea kwa waya unaojitoa wenyewe kutoka kwa bunduki ya mkononi. Ni ya haraka, na inafaa kwa vyuma vyembamba kama fremu za madirisha. Kuna waya mtupu unaohitaji gesi ya mtungi, na kuna waya wenye dawa ndani ambao hauhitaji gesi.

TIG ni kuchomelea kwa sindano ya tangsteni isiyoyeyuka, chini ya gesi ya agoni tupu. Ni kazi safi na ya polepole, kama ile ya vyombo vya chuma kisichoshika kutu. Inahitaji mkono uliozoea.

Shauri letu: anzeni na rodi. Mkishaiweza, ingieni kwa waya. TIG ingoje mpaka muwe na fundi aliyefunzwa na kazi ya kuilipia.

2. Je, stima yenu inatosha?

Hili ni swali la kuulizwa kabla ya kununua, si baadaye. Hebu tufanye hesabu kidogo.

Plagi ya kawaida ya nyumbani ina fyuzi ya ampea 13, na stima yetu ni ya volti 240. Zidisha 13 kwa 240, unapata wati 3,120. Huo ndio mwisho wa plagi hiyo. Sasa mashine ikiwekwa ampea 200, pale penye moto panahitajika kama volti 28. Zidisha 200 kwa 28, unapata wati 5,600, na hapo bado hatujahesabu zinazopotea ndani ya mashine kwa joto. Plagi ya nyumbani haiwezi. Lakini mkitumia rodi nyembamba kwa ampea 80, ni kama 80 mara 23, yaani wati 1,840. Hiyo yaweza kubebwa.

Kwa hivyo, mkitaka kutumia nguvu yote ya mashine, mwiteni fundi wa stima mwenye leseni awavutie laini yake peke yake kutoka kwenye mita, yenye waya mnene wa kutosha na swichi yake. Mwambieni pia aweke swichi ile inayojikata yenyewe mtu anapoguswa na stima, na ahakikishe waya wa ardhini unafanya kazi. Ile pini ya tatu ya plagi haikuwekwa kama pambo. Usiikate.

Tena, fyuzi ikikatika, usiweke msumari wala karatasi ya sigara mahali pake. Fyuzi imekufa ili nyumba isiungue. Waya wa ekstensheni nao ukunjuliwe wote. Ukiachwa umezungushwa kama kamba ya ng'ombe, unapata joto mpaka unayeyuka.

Kama mnatumia jenereta, someni kibandiko cha mashine muone inakula kVA ngapi, kisha tafuteni jenereta inayozidi hapo kwa theluthi moja hivi. Washeni jenereta kwanza, itulie, ndipo muwashe mashine. Wakati wa kuzima, anzeni na mashine.

3. Mahali pa kazi

Sakafu iwe kavu. Hili tunalirudia: iwe kavu. Mashine inapowashwa tu, kabla hata ya kuchomelea, ncha za nyaya zake za MMA mara nyingi huwa na volti kati ya 60 na 80. Mtu aliyevaa viatu vikavu na glavu kavu pengine hataihisi. Mtu mwenye jasho, aliyesimama peku penye matope, anaweza kufa. Mvua ikinyesha, kazi isimame.

Pawe na hewa, lakini kama mnatumia gesi, upepo usipige moja kwa moja penye moto kwa sababu utaipeperusha. Ondoeni nyasi kavu, magunia, mafuta ya taa, petroli na vumbi la mbao. Cheche zinaweza kuruka mita 10 na zaidi. Ndoo ya mchanga na kizima moto viwe karibu. Kazi ikiisha, mtu mmoja abaki akiangalia kwa muda wa saa moja, maana cheche iliyojificha kwenye gunia haina haraka.

Watoto wasisogee. Wekeni pazia zito au mabati kuzunguka mahali pale, ili wapita njia wasiangalie ule mwanga.

4. Mavazi ya fundi

Haya si anasa, na yaingie kwenye bajeti ile ile ya mashine:

- Kofia ya kufunika uso mzima, yenye kioo cheusi namba 10 au 11 kwa kazi ya rodi. Miwani ya jua haisaidii kitu.
- Miwani myeupe ya kuvaa wakati wa kubandua gamba na wakati wa kutumia grainda. Vipande vile huruka vikiwa vya moto.
- Glavu ndefu za ngozi, kavu, zisizo na tundu.
- Nguo nzito za pamba za mikono mirefu. Nailoni na poliesta huyeyuka zikashika ngozi.
- Aproni ya ngozi kama inapatikana.
- Viatu vya ngozi vilivyofungwa. Suruali ivuke juu ya kiatu, isitiwe ndani, la sivyo cheche itaingia.

Kama kikundi kimeajiri kijana, mkumbuke kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Kusema "sisi ni kikundi tu" si jibu.

5. Kuitayarisha mashine

Kwanza, plagi iwe imechomolewa. Angalieni nyaya zote. Uliochunika usifungwe kwa karatasi ya nailoni. Utengenezwe au ubadilishwe.

*Kwa rodi.* Mashine ina matundu mawili, moja la alama ya kujumlisha (+) na jingine la kutoa (-). Rodi nyingi hutaka kishikio cha rodi kiingie kwenye (+), na kile kibano ambacho mafundi hukiita athi kiingie kwenye (-). Lakini soma boksi la rodi, limeandikwa. Ingiza kisha zungusha mpaka kikaze. Kikilegea kitachoma tundu. Geuza swichi iwe MMA. Rodi ya milimita 2.5 huhitaji kama ampea 60 hadi 90. Ya milimita 3.2 huhitaji kama 90 hadi 130. Anzia katikati, ujaribu kwenye chuma cha kutupwa. Rodi zihifadhiwe pakavu. Rodi iliyoingia unyevu hutoa kazi yenye vitundu.

*Kwa waya na gesi.* Bunduki iwe kwenye (+), athi kwenye (-). Gurudumu la kusukuma waya liwe na mfereji wenye umbo la V, na wenye saizi sawa na ya waya. Kama waya ni milimita 0.8, mfereji uwe 0.8. Kaza kiasi tu cha waya kutoteleza. Ukikaza kupita kiasi utajikunja ndani. Unapopitisha waya kwa mara ya kwanza, usielekeze bunduki usoni wala kwenye kiganja, maana waya hutoboa kama sindano. Gesi inaweza kuwa kaboni dayoksaidi, au agoni iliyochanganywa nayo. Fungua kiasi cha lita 10 hadi 15 kwa dakika.

*Kwa waya wenye dawa ndani, usio na gesi.* Hapa ndipo wengi hukosea. Kwa kawaida waya huu hutaka kinyume: bunduki kwenye (-), athi kwenye (+). Usipogeuza, utapata cheche nyingi na kazi mbaya, halafu utalaumu mashine. Gurudumu lake nalo ni lile lenye meno madogo.

*Kwa TIG.* Tochi kwenye (-), athi kwenye (+), gesi ni agoni tupu.

*Mtungi wa gesi.* Usimame wima, ufungwe kwa mnyororo ukutani au kwenye mkokoteni wake. Mtungi uliojaa una mgandamizo mkubwa. Ukianguka ukavunjika shingo, unaruka kama kombora. Simama kando ya regyuleta, si mbele yake, kisha fungua polepole. Pima uvujaji kwa povu la sabuni, siyo kwa kuhisi na pua. Gesi hizi hazina harufu, na katika chumba kilichofungwa zinafukuza hewa tunayovuta. Mtu hulegea akaanguka bila kujua.

6. Utaratibu wa kazi kila siku

1. Safisha chuma. Ondoa kutu, rangi na mafuta.
2. Bana athi kwenye chuma kilichong'arishwa, karibu na pale unapochomelea. Ukibana mbali, stima hupita kwenye beringi za mashine ya posho au za gurudumu na kuziharibu. Kama ni gari au pikipiki, toa nyaya za betri kwanza.
3. Vaa kila kitu. Ita kwa sauti: "Macho!" Kila aliye karibu ageuke.
4. Ingiza plagi, washa mashine, chomelea.
5. Heshimu muda wa kupumzika. Kibandiko kikionyesha asilimia 30 kwa ampea fulani, maana yake ni kuwa katika kila dakika 10, unachomelea dakika 3 na mashine inapoa dakika 7. Taa ya joto ikiwaka, ngoja. Usizime mashine, acha feni yake iipoze.
6. Ukimaliza, toa rodi kwenye kishikio, funga mtungi, zima mashine, kisha chomoa plagi. Chuma cha moto kiandikwe kwa chaki: MOTO.

7. Hatari ambazo watu hawazitambui

*Macho.* Mwanga ule humchoma mtu jicho bila yeye kuhisi. Maumivu huja saa 6 hadi 12 baadaye, ndiyo maana yule kijana aliamka usiku. Mara nyingi hupona kwa siku moja au mbili, lakini kurudiarudia kunaharibu jicho. Usisugue, usitie majani ya chai, maziwa wala maji ya viazi. Nenda kituo cha afya.

*Homa ya mabati.* Ukichomelea chuma kilichopakwa zinki, kama vile bomba la maji, moshi mweupe unaotoka huleta homa, kutetemeka na ladha ya chuma mdomoni, kwa kawaida usiku ule ule. Watu hudhani ni malaria. Hata hivyo usijitibu kwa kukisia; nenda upimwe, na umwambie daktari ulikuwa unachomelea nini. Kinga yake ni kuondoa zinki kwa grainda pande zote za maungio huku umevaa kinga ya vumbi, kufanyia kazi nje, na kusimama upande ambao upepo hautakuletea moshi. Kunywa maziwa hakuzuii, ingawa mafundi wengi wanaamini hivyo. Kitambaa cha kujifunga puani pia hakichuji moshi huu. Na tujue kwamba mwaka wa 2017 wataalamu wa saratani walio chini ya Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea, wa chuma chochote, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

*Mapipa.* Mtu ataleta pipa la petroli, aseme ni tupu, aliliosha. Mkatalie. Pipa tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu ndani yake mvuke umechanganyika na hewa, nao ukiguswa na cheche hulipuka. Kuosha kwa maji hakutoshi. Usilichomelee, na usilikate kwa grainda. Hata akiwa mwenyekiti wa kikundi, mwambie: "Samahani mzee, kazi hii hatufanyi." Pesa za kazi moja hazilipi mazishi.

*Mtu akishikwa na stima.* Usimguse. Kata stima kwanza. Kama swichi haifikiki, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama pakavu. Kama hapumui, mbonyezeni kifua katikati kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta gari. *Aliyeungua* apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, unga wala mafuta.

8. Mashine ni ya kikundi, ajali pia ni ya kikundi

Kile kikundi tulichoanza nacho hakikuuza mashine. Walikaa chini, wakakubaliana mambo manne, wakayaandika kwenye kitabu cha mikutano. Ufunguo wa chumba cha mashine unakaa kwa mtu mmoja. Hakuna kuwasha bila kofia na glavu, hata kama mteja ana haraka. Katika malipo ya kila kazi, sehemu inatengwa ya glavu, vioo na matengenezo. Na yule kijana, badala ya kufukuzwa, alipelekwa akajifunze kwa fundi mzoefu, kisha ajitayarishe kwa mtihani wa ufundi wa NITA. Leo yeye ndiye anayewafundisha wenzake, na neno lake la kwanza kwa kila mwanafunzi ni: "Kofia iko wapi?"

Wazee walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tunaongeza: asiyevaa kofia huamka saa nane usiku.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Laini ya stima tuliyo nayo inaweza kubeba ampea ngapi? Nani kati yetu atamwita fundi aje kuipima?
2. Tukihesabu mashine pamoja na mavazi, laini ya stima na mafunzo, gharama yote ni kiasi gani? Je, tunaiweza sasa, au tungoje?
3. Ni kazi gani tutakazozikataa, hata mteja akilipa mara mbili?
4. Kituo cha afya kilicho karibu ni kipi, na tutamfikishaje mtu huko usiku?

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: Andikeni masharti ya kikundi chenu kwa herufi kubwa kwenye ubao, mlitundike juu ya mashine, mahali ambapo hata mtoto wa shule anaweza kuwasomea wale wasiojua kusoma.